Siku Kokoo Alipoitibu Vayolini

Enzi zetu Kitengela, kabla nyika haijamezwa na nyumba za kupangisha, muziki haukuwa somo. Ulikuwa unaimba tu na wenzako, shingo ikienda mbele na nyuma, ukikosea unachekwa mpaka unapatia. Mchana ni kucheza bano za kioo na kuruka blada ya mpira, jioni ni kutafuta mbuzi waliokushinda akili. Watoto wa siku hizi wakiruka blada mara mbili wanaomba maji na chaja.

Basi Jumamosi moja tukashukiwa na watu wa okestra kutoka Nairobi. Walisema wametuletea muziki. Kutuletea! Kana kwamba walitukuta bubu. Walikuwa wamevaa suti nyeusi kwenye upepo wetu ule wenye vumbi na samadi, na kabla ya chai suti zote zilikuwa na rangi ya boma. Wakatuachia vayolini, moja kwa watoto wawili. Mimi niligawana na Otieno, mtoto wa karani aliyepanga karibu na stendi. Mwalimu wao, kijana mwembamba mwenye tai ya kipepeo, akatupa sharti: siku ya wazazi kila mmoja atacheza peke yake, na atakayemshinda mwenzake atakaa na vayolini mwaka mzima.

Mungu wangu, nilivyoitaka ile vayolini! Niliitaka kuliko viatu, na viatu sikuwa navyo.

Wiki ya mwisho ilikuwa zamu yangu kwenda nayo nyumbani. Nilifanya mazoezi mpaka mbuzi wakakataa kuingia zizini. Baba aliuliza kama hiyo kitu iko na mapepo. Kokoo, mama yake baba, aliketi mlangoni, mkono shavuni, akinisikiliza kwa huruma.

Siku ya wazazi ikafika. Yetu sikutaka kuiachia, basi Otieno akacheza ya mwalimu, akakwaruza, akapigiwa makofi. Nikasimama mimi. Nikaiweka vayolini chini ya kidevu, nikainua upinde, ule ujiti wenye singa za mkia wa farasi, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Upinde uliteleza tu kama kisu kwenye siagi. Mwalimu akaja mbio, akaunusa, macho yakamtoka pima.

"Nani amepaka hii mafuta?"

Kokoo akainuka, amejitanda shuka lake jipya, anasubiri shukrani.

"Ni mimi. Mafuta ya mkia wa kondoo. Hii kitu ilikuwa imekauka, maskini. Mtoto akiigusa, inalia. Jana usiku nikaipaka yote, mpaka kwa nywele. Si sasa imenyamaza?"

Jamani, wazazi walicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake. Lakini angekosea wapi? Kwetu kibuyu kikikauka kinapakwa mafuta, ngozi inapakwa, hata mtoto mchanga anapakwa. Mwalimu alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. Akapangusa nyuzi kwa leso, akanikopesha upinde wake mwenyewe. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa.

"Ona sasa," Kokoo akasema, watu wote wakisikia. "Imeanza kuugua tena."

Vayolini ilienda kwa Otieno. Nililia njia nzima, kamasi na vumbi pamoja. Kokoo alinifuta uso kwa lile shuka jipya. "Nyamaza, Nasieku. Hao watu hawajui kutunza vitu."

Okestra bado zinakuja huku kwetu, na siku hizi zina tableti na fulana zenye nembo. Binti yangu yuko na vayolini yake mwenyewe na kitambaa maalum cha kuipangusia. Ananifundisha jina la kila kipande, kwa sauti ya kumhurumia mshamba. Akianza mazoezi, baba yake anavaa vipokea sauti masikioni. Mimi nafunga mlango, naongeza sauti ya televisheni, nasema, "Ndiyo anajifunza." Tumeelimika, tunajua zile ni kelele za mwanafunzi tu.

Kokoo, Mungu amrehemu, hilo hakulijua. Alisikia kitu kinalia mikononi mwa mjukuu wake, akainuka kukitafutia dawa.