Tuliambiwa tuseme ukweli, aliyeusema akafukuzwa

Msomaji wetu wa wilaya ya Kilosa anaandika. Jina lake tunalo, na tumelificha kama alivyoomba.

Nina miaka sitini na miwili, mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa milimani, na sasa ninaishi Mabwerebwere. Tangu milango ya uchumi ilipofunguliwa, mashirika yameota wilayani kwetu kama uyoga, na mojawapo liliniajiri niwe mpatanishi kati ya wakulima na wafugaji wa Msowero. Kazi yenyewe ni njema. Taabu yangu ni mkurugenzi wetu, bwana wa miaka thelathini na minane ambaye nimejitahidi kumheshimu nikashindwa.

Mwaka huu alikwenda semina ya uongozi ya siku tatu katika hoteli moja Mikumi. Alirudi na mikeka sita. Akatutangazia kwamba ofisi ni familia, kwamba meza humtenga mkubwa na mdogo, kwa hiyo kila Ijumaa tutaketi chini kwa duara tuambiane ukweli bila woga. Na shikamoo akaipiga marufuku. "Niiteni Eddi tu," alisema.

Ijumaa ya kwanza tukaketi kimya, macho chini, maana nani angeanza? Mama Shukuru, mpishi wetu wa chai, akaingia na birika. Alipotuona aliliweka sakafuni, akavua kandambili, akakaa kando ya karani na kusema kwa huzuni, "Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Tulicheka hadi machozi. Mkurugenzi hakucheka. Mtu huyu amezaliwa Tanzania, amezika ndugu zake, na haikumpitia akilini kwamba sisi watu wazima tukiketi mkekani kimya asubuhi ya kazi, ni msiba.

Niwaeleze jambo, maana nimefundisha muda mrefu. Mtu hasemi ukweli kwa sababu ameketi chini. Anasema akiona aliyesema jana leo bado yupo, na lililomsumbua limeshughulikiwa. Shuleni kwangu mwalimu mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliniambia kipindi cha kwanza kinamtesa. Nikakichukua mimi muhula mzima, hesabu za darasa la tano, somo nisilolipenda. Baada ya hapo walimu walinieleza hata makosa yangu mwenyewe. Hilo sikulipata hotelini.

Lakini kosa ninaloungama ni langu. Pamoja na dharau yangu yote, nilidhani vikao vile vinaweza kufaa. Mwenzetu Masunga, mtaalamu wa mifugo, mwana wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, alikuja kwangu amenuna. Kasha la barafu la kuwekea chanjo lilikuwa halionekani ofisini kila mwisho wa juma, kwa kuwa mkurugenzi hulibeba na bia zake akipeleka wageni Mikumi kutazama tembo. Chanjo ziliharibika, ndama wakafa, na wafugaji wakamlaumu Masunga, mtoto wao.

"Liseme Ijumaa," nilimwambia.

"Mzee, huyu bwana atanimeza."

"Hawezi. Ametoa ahadi mbele ya watu."

Akasema, kwa adabu kabisa. Mkurugenzi akaweka mkono kifuani: "Asante, kaka, kwa uwazi wako." Akatuomba tumpigie makofi, tukapiga. Jumatatu Masunga akapewa barua ya kuachishwa kazi, eti hana moyo wa kifamilia. Alipoingia kuuliza, "Eddi, nimekosa nini?" tulimsikia mkubwa akifoka, "Eddi ni nani? Mimi rika lako?"

Mwisho wa mwezi ujao wafadhili wanakuja. Wanataka kusikia kutoka kwa wafanyakazi jinsi tunavyoishi kazini, kisha waamue kama mradi uendelee. Juzi mkurugenzi alinipa shikamoo, ya kwanza tangu aikataze. "Mzee wangu, wewe una mvi, watakuamini. Waambie tunavyopendana."

Masunga amekuja nyumbani, akakaa, akakataa hata maji. "Wewe ndiye uliyenituma niseme. Sasa sema wewe, mzee. Nina watoto watatu, na kule Msowero naitwa muuaji wa ndama." Kesho yake Mama Shukuru akanishika mkono jikoni. "Mwalimu, shamba la mkonge lilipofungwa nilikaa miaka miwili nikiuza kuni. Hawa wazungu wakiondoka, nitamchemshia nani chai?"

Tumebaki tisa. Mimi nina mahindi yangu, nitaishi. Wengi wao hawana pa kwenda, na wafugaji wale hawana shirika jingine la kuwachanjia ng'ombe. Nikimsifu yule bwana, nitakuwa nimemtoa Masunga kafara mara mbili. Nikisema kweli, huenda nikafunga mlango wa wote, na yeye mkurugenzi atapata shirika jingine kabla mvua hazijaanza.

Maisha yangu yote nimekuwa nikiwashauri watu, na ushauri wangu wa mwisho umemwacha mtu bila kazi. Safari hii nauliza mimi. Wageni wakinigeukia na kusema, "Mzee, tueleze," niwajibu nini?