Bibi wa Jebel Shams, Siku ya Theluji

Usinitazame hivyo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, saa kumi za mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari Firq, karibu na Nizwa, huku kwa Waarabu. Baridi ya mwaka ule theluji ilianguka mlima wa Jebel Shams mpaka ikafunika barabara, hata wenyeji wa mlimani walisema hawajapata kuona. Mdogo wangu Nasra, mwalimu, akaning'ang'ania nimpeleke. Tulipofika juu alichukua chupa ya chai amjazie mama theluji. Nikamwambia asende mbali.

"Kaa garini wewe, theluji umeizoea kwenye friji tu," akanicheka, akapotelea ukunguni.

Nusu saa hakurudi. Nikapiga honi, nikaita, wapi! Na pale pana korongo, mwisho wake huuoni. Ndipo bibi mmoja akagonga kioo, kajitanda kanga, theluji imemjaa mabegani.

"Mwanangu, nifungulie. Nasra nimemuona, kateremka huku."

Kiswahili cha Unguja, kile cha wazee wetu kabla hatujahamia huku. Mlimani kule ni Kiarabu tu. Ungekuwa wewe, miaka yote hiyo una hamu na kwenu, usingefungua? Hata sikujiuliza jina la Nasra kalijuaje.

Nikaendesha taratibu anakonionesha. Hita inawaka mpaka natoka jasho. Lakini, niamini, theluji ya mabegani mwake haikuyeyuka hata tone. Nikamuuliza yeye ni wa mtaa gani Unguja.

"Wa kwenu," akasema.

Nikakanyaga breki. Gari likaserereka, likasimama. Nikageuka: kiti kitupu, kikavu. Nikashuka. Tairi la mbele lilikuwa hatua moja tu na korongo.

Nikarudi nyuma, na Nasra nilimkuta pale pale tulipoegesha mwanzo, nyuma ya jabali, midomo imebadilika rangi. Honi yangu alikuwa akiisikia muda wote.

"Kuna bibi kanambia nisitoke," akasema, "eti huyo anayeita si kaka'ngu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa Kiswahili. Alipona, akarudi kufundisha, lakini mama akimsemesha, hujibu kwa Kiarabu, na mama huinuka akaenda kulia jikoni. Mimi nimehamia Ibra, nikahamia Sur, pahala hapanikalishi miaka miwili. Basi nawe, ukiitwa mlimani kwa lugha uliyolelewa nayo, usikimbilie kufungua mlango. Uliza kwanza: wewe mtoto wa nani?