Siku Tuliyomzika Akeyo

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, tulimzika mdogo wangu Akeyo bila mwili wake.

Alikuwa ametoweka miaka mitatu kabla, akiwa na miaka saba. Mama alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay na kuwauzia wachuuzi wa Rongo, na watu walidhani ana pesa nyingi. Siku hiyo tukitoka shule, mwanamume mwenye pikipiki alisimama.

"Watoto wa Mama Omena ni nyinyi? Mama yenu ameumia sokoni." Akampakia Akeyo. Nilipotaka kupanda, akasema, "Wewe nitakurudia."

Nilingoja kando ya barabara mpaka jirani akanikuta.

Jioni ile simu ya mama ililia. Waliomteka walitaka pesa. Mama aliuza ng'ombe wote, akakopa kanisani, akatuma. Simu yao ikazimwa. Polisi walitafuta hadi mpakani. Hawakupata hata kiatu chake.

Kisha mama akaanza kumwota: Akeyo amesimama uani, mvua inamnyeshea, akiitwa haingii. Nyanya, mama yake baba, aliposikia alikuja kutoka Kosele na tunda la yago, refu kama mkono wa mtu mzima. Kwetu Waluo, mtu akipotea mwili usionekane, yago huzikwa mahali pake ili roho itulie.

"Mwanangu si tunda," mama alisema. "Na mimi ni mtu wa kanisa."

"Nyar Muhuru," nyanya akamjibu, akimwita binti wa Muhuru kama alivyozoea, "hata mimi ninasali. Lakini mtoto amechoka kusimama nje."

Mama aligeuka akatazama uani. Halafu akaliosha lile tunda kwa maji ya uvuguvugu, akalivika sweta ya Akeyo, akalipakata. Baba alipomaliza kuchimba kaburi, ilibidi amwombe mara tatu ndipo akaliachilia.

Leo nami nina watoto, na sijui la kuwaambia kuhusu mila ile. Mama alianza kulala usiku, akaanza kula; hilo nililiona kwa macho yangu, na nilimshukuru nyanya hadi alipofariki. Lakini mwaka jana, tukianika omena, mama alinong'ona bila kuniangalia:

"Tangu tumzike hajanijia tena. Hata ndotoni."

Nilisogea karibu naye, tukaendelea kuanika.