Nilidhani Vimeungua

Juzi niliona pakiti za vitunguu vilivyokwisha kukaangwa dukani Majengo, moyo ukanienda mbio kama nimekamatwa.

Nilikumbuka siku moja nilipokuwa mdogo, bibi mzaa baba alikuwa anakuja kutoka Mwimbi. Safari iliyopita alimsema mama eti anaunguza kila kitu. Mama alikaanga vitunguu, harufu ikajaa uani, akaviacha kwenye sinia akaenda kubadilisha kitenge. Nikaviona: vya kahawia, vikavu, ukivishika vinavunjika. Ameunguza tena! Nikazunguka uani, nikakaa, nikainuka. Bibi alipopiga hodi, nikawamwagia kuku vyote.

Mama akatoka. "Jamani, vitunguu vyangu vya kuweka juu ya pilau viko wapi?"

Bibi akanyoosha kidole. "Mama Jeni, naona leo wageni wako ni kuku."

Nikalipuka. "Viliungua! Na ukimsema tena mama yangu, urudi kwenu Mwimbi!"

Mama akanishika mkono, nikajua napigwa. Akanusa vidole vyangu. "Havikuungua, mwanangu. Ndivyo vinavyotakiwa kuwa."

Bibi akanitazama weee, kisha akakaa, akachukua sahani.

"Nipakulie pilau hivyohivyo, mkwe wangu, kabla huyu hajanifukuza."