Kalipa ya Baba na Kidole Gumba cha Ndegwa

Enzi zetu pale Mwihoko, kabla simu haijawa tochi, rula na mwalimu, kitu cha ajabu kuliko vyote katika nyumba yetu ya kupanga kililala ndani ya soksi kuukuu juu ya kabati: kalipa ya Baba, chombo cha chuma chenye taya mbili za kupimia unene. Alikuwa mkereza vyuma kule Thika, na Jumamosi alirudi akinuka oili, nanasi kwapani, kalipa mfukoni. Tuliacha mchezo wa kati mavumbini, tukanawa mikono hadi viwiko. Kalipa haikuguswa na vidole vyenye mafuta ya mandazi.

Baba aliachiwa hiyo kalipa na Singasinga mzee aliyemfundisha kazi, nayo ilijua inchi tu. Inchi iligawanywa mara kumi, na kila sehemu ya kumi ikagawanywa robo nne. Ndani ya kila robo mlikuwa na vipande ishirini na vitano visivyoonekana kwa macho, kila kimoja elfu moja ya inchi. Vipande hivyo ulivisoma kwenye kipande kinachoteleza, ambako mistari yote hupishana na ya juu isipokuwa mmoja.

“Tafuta mistari miwili iliyokubaliana,” Baba alikuwa akisema.

Siku ya kwanza nilipima unywele wangu. Mstari wa tatu. Kumbe hata unywele una unene, na mimi nimeuona.

Kisha akazaliwa ndugu yangu, kabla ya wakati wake. Alirithi jina la babu, Ndegwa, jina la fahali, naye alitosha kwenye kiganja. Majirani walisema atakua tu, huku wakitazama sakafu. Mama alikataa njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, alizopikiwa ili apate maziwa. Tulipomwogesha mtoto, Mama aligeukia ukutani.

Jumapili moja baada ya kanisa, Baba alipasha kalipa joto mikononi. Cucu, mamake, aliyetoka Murera kutusaidia, akasimama mlangoni.

“Mtoto hupimwa na Mungu. Anayepimwa na fundi ni wa kuchongewa sanduku.”

“Mama, macho yetu yana hofu. Chuma hiki hakina,” Baba akajibu.

Alizifunga taya juu ya kidole gumba cha Ndegwa polepole, kama anayegusa povu. Kazi ya kusoma ikawa yangu: sehemu mbili za kumi, robo moja, mstari wa saba. Jumapili iliyofuata, mstari wa saba tena. Mama alimchukua mtoto akamfunika.

Jumapili ya tatu nilitazama mstari wa saba nikaona umeachana na mwenzake. Wa nane pia. Nikafuata mmoja mmoja hadi wa kumi na moja. Niliutaja kwa kunong'ona.

Cucu alikuwa ametupa mgongo. Ndiye aliyesema kwanza.

“Soma tena.”

Nikasoma tena. Kumi na moja. Ndegwa alikuwa ameongezeka unene wa unywele wangu, na chembe juu yake. Mama aliiomba kalipa, yeye ambaye hakuwahi kuishika, nami nikamwonyesha ile mistari miwili. Aliitazama hadi machozi yakamzuia kuona. Kisha akauliza kama njahi zimebaki.

Leo Ndegwa huinama kupita mlangoni. Ana karakana Ruiru na kalipa ya betri; namba hurukia kwenye kioo, na ukitaka milimita unabonyeza tu. Hunicheka: “Sista, hiyo yako peleka makumbusho.” Yake haikosei, nakubali. Ila hukupa jibu kabla hujapata nafasi ya kuogopa, na watoto wa siku hizi hawajui kwamba kuna namba za kusubiriwa kwa pumzi iliyozuiwa.

Krismasi iliyopita nilitoa ile ya zamani kwenye soksi, nikazifunga taya zake juu ya kidole gumba cha Ndegwa, chenye sugu na unene wa karibu inchi nzima. Mkono wake wa pili uliendelea kuchezea simu. Kutoka jikoni Mama akauliza inasema ngapi.

Nikainama kutafuta mistari miwili iliyokubaliana, na sikuharakisha kumjibu.