Siku Niliyopimwa Kaburi Nikifundisha

Aibu hii nimekaa nayo miaka zaidi ya kumi, na leo naitoa mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu wa Bagamoyo, maana kule wakiisimulia huitia chumvi, na haihitaji chumvi.

Nilitoka Tabora kwa garimoshi hadi Dar es Salaam, nikapanda lori la magunia ya unga, lori likazama matopeni karibu na Mapinga, nikamalizia safari hadi Bagamoyo kwa miguu, sanduku kichwani (nilikuwa kijana, miguu haitulii, na hata sasa haijatulia). Kazi niliyopewa ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma, ila nilipofika nikakuta wazee wenyewe wanasoma hati za Kiarabu kunishinda, wananisikiliza kwa adabu tu kama mgeni. Basi nikaona niwaletee falsafa, yaani maswali: haki ni nini, tunajuaje tunachokijua. Liwali akatupa chumba cha shule mwezi mmoja wa kujaribu, akiona heshima na faida tuendelee, asipoona tufunge. Na wale wazee kumi na wawili, nawaambieni kweli, walikwisha kuipenda Jumatano yao ya maswali. Mzee Shomari, fundi wa milango, alikuwa anakuja ameshavaa kanzu ya Ijumaa.

Jumatano ya mwisho ya mwezi, liwali mwenyewe akitarajiwa alasiri, nikataka kuwafurahisha kwa mfano wa macho. Nikatandika mkeka, nikalala chali, nikajifunika shuka jeupe gubigubi, nikasema: tuseme nimekufa, je, kilichobaki hapa ni mimi au si mimi? Mtu asiniinue mpaka mpate jibu. Bibi mmoja akanung'unika kwamba kifo hakichezewi. Ningemsikiliza yule bibi! Lakini mwalimu humsikiliza nani?

Wakanyamaza, wanafikiri. Katika kimya kile akaingia Mzee Kibwana, mwanafunzi wangu mchelewaji, akaona shuka, akaona nyuso zimeinama, nikamsikia akisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha nyayo zikatoka mbio. (Na mimi, mjinga, nikafurahi nikidhani ni jibu.)

Sasa aliyekuwa na nafasi ya kumwita arudi ni mwanafunzi wangu Bi Mwanahawa, aliyekaa mlangoni. Lakini yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani, na nyie mnajua watani hawaoneani haya hata msibani, hasa msibani. Akawakonyeza wenzake wanyamaze (haya ya macho nilisimuliwa baadaye). Watu walioitwa na Kibwana msibani walipoanza kujaa akainuka, akaanza kuniiga ninavyotembea, mikono nyuma, shingo mbele, na akatangaza, "Marehemu alikuwa akiuliza mpaka kunguni wake wakahama. Leo ameulizwa yeye, kimya!" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi chini ya shuka natoka jasho, nawaza: nikiinuka sasa nitaua mtu kwa mshtuko, nisipoinuka nitazikwa kabla ya Magharibi. Nikajisemea moyoni ningoje wapungue. Hawakupungua, waliongezeka, na nikasikia sauti ya liwali mlangoni ikitoa pole.

Ndipo mtu akanishika kisigino. Alikuwa mchimba kaburi na kamba yake, ananipima urefu, na mimi hutekenyeka nyayo tangu utotoni. Nilijizuia, wallahi nilijizuia, kamba ikapita mara ya pili, nikapasuka kicheko na shuka likaruka.

Sitasimulia yote. Mlango ulikuwa mmoja, watu ni wengi, na kilemba cha liwali kilikanyagwa. Alipokipata akakipangusa taratibu, akaniambia, "Mwalimu, chumba hiki ni cha kusomea, si cha kufia. Lete ufunguo."

Nilimpa. Uchungu wangu haukuwa kuchekwa, ulikuwa ule uso wa Mzee Shomari katika kanzu yake ya Ijumaa. Nikawaomba radhi. Bi Mwanahawa akasema, "Swali hatujalijibu. Jumatano njooni uani kwangu. Na wewe mtani, usife tena, utatuchosha."

Jumatano ile walikuja zaidi ya thelathini, mchimba kaburi akiwa wa mbele, na kusema kweli ndiye aliyetushinda wote kwa hoja. Tangu hapo nimefundisha miji mingi, na nimeapa: mfano ukitaka maiti, natumia mbuzi.

Siku niliyokusudia kuondoka Bagamoyo moja kwa moja nilipitia uani kuaga, lori likinguruma barabarani. Nikawakuta wanabishana kama anayesamehe bila kuombwa amesamehe kweli, au amechoka tu. Nikapiga hodi mara tatu. Bi Mwanahawa akaninyooshea kidole bila kugeuka. "Kaa, mtani. Zamu yako haijafika."

Nikakaa. Lori likaniacha, na zamu yangu ilipofika, Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa.