Kadi Isiyo na Tundu

Dawa ya kung'arishia sakafu ina harufu ya ndimu iliyochacha, na kiangazi cha mwaka 2015 nyumba yetu yote ilinuka hivyo. Harufu ilikuwa kwenye koti la baba, kwenye mto wake, hata kwenye tonge la ugali alilonimegea. Tulikaa Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, na kila alasiri mimi na mama tulichungulia dirishani tukingoja gari jeupe lililowarudisha wanaume kutoka kiwandani Shively. Niliipenda harufu ile. Nilikuwa na miaka kumi, na kwangu ilikuwa harufu ya macho ya bibi. Sisi ni Warundi, tumelelewa kambini Tanzania, na mama yake baba alibaki kule. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa Kigoma alisema akipasuliwa kabla ya mwaka kuisha ataona. Mshahara wa kiangazi kile ulikuwa wa kazi hiyo tu.

Mwenye gari alikuwa Mkongo, tulimwita Papa Benoît. Alichukua kazi za usafi viwandani akakusanya watu wasiojua Kiingereza. Kila Ijumaa aliwapa fedha ya chakula, nyingine akabaki nayo. "Bon, Papa Devota," alimwambia baba, kwa jina langu, "hii ni ya kula. Ile ingine niko nakuchungia. Kazi ikiisha, unapata yote." Baba hakuona ajabu. Tangu azaliwe, kulikuwa na mtu mwingine aliyeshika orodha, naye alisubiri zamu yake.

Mlangoni mwa kiwanda kulikuwa na mashine yenye saa. Kila mfanyakazi alipewa kadi. Ukifika unaitumbukiza, mashine inaitoboa. Hapa sina budi kueleza jambo ambalo ofisa wa Marekani hawezi kulijua. Kambini kila familia ilikuwa na kadi ya mgawo, na karani aliitoboa ukishapewa unga na maharage. Tundu lilimaanisha umeshapata. Jirani yetu mmoja, mtoto wake alichezea kadi kwa msumari, wakakaa wiki mbili wakila kwa watu, kwa sababu karani alitazama tundu akasema mmekula. Kwa hiyo baba hakuitumbukiza kadi yake hata siku moja. Aliingia kazini akaifunga kwenye nailoni, na jioni aliiweka ndani ya Biblia. Mama alimtania, "Mbona hujaitafutia shuka?" Papa Benoît naye aliiona. Alicheka tu. "Papa Devota, karte yako iko propre, safi kuliko shati ya pasta." Akamwacha hivyo hivyo. Kile kicheko nimekielewa ukubwani.

Septemba kazi iliisha, na gari halikuja tena. Papa Benoît alipopokea simu alisema hamjui mtu mwenye jina la baba. Wenzake baba walikataa kumtolea ushahidi. Walikuwa bado wanangoja fedha zao, na waliogopa kuzikosa. Basi baba alivaa suti ya kanisani, tukaenda wawili kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, mimi nikiwa mkalimani. Mama mmoja mpole aliipokea kadi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliniambia kwamba haioneshi kazi yoyote. Nilimwambia baba, "Anasema haina matundu." Baba alitabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tena usoni mwake. "Mwambie atazame vizuri, mwanangu. Haina hata moja."

Hapo ndipo nilipoelewa, katikati ya sentensi. Nilijaribu kueleza habari za kambi, za unga, za karani, lakini Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne. Yule mama aliandika kidogo, akaturudishia kadi kwa mikono miwili.

Bibi alipofuka kabisa kabla ya Krismasi. Sisi tulihamia Columbus, baba akapata kazi ya ghala huko Hilliard, kisha tukaja Buffalo, na bibi akafariki bila kumwona mjukuu aliyezaliwa huku. Leo ninafanya kazi ghalani, na saa zangu zinahesabiwa na simu. Nawaelekeza wageni kwa upole kadiri niwezavyo: piga picha ya saa, andika jina la msimamizi, usikubali kutunziwa mshahara. Wananisikiliza, wananishukuru, kisha asubuhi nawaona wakipanda gari la mtu mwingine anayewatunzia.

Baba bado anayo kadi ndani ya Biblia, nyeupe kama siku aliyopewa. Mara mojamoja huniuliza kama kadi za huku huisha muda. Nimewaeleza watu wengi mambo mengi, lakini yeye sijamweleza kwamba lile tundu ndilo lingekuwa shahidi wake. Namwambia haijaisha. Anaifunga tena kwenye nailoni.